Curt Flood na Mizani ya Jumba la Mashuhuri wa Besiboli nchini Marekani

Jumba la Mashuhuri wa Besiboli, lililoko Cooperstown katika jimbo la New York, lilipata wateule wake wa kwanza kwa kura ya mwaka 1936. Mjadala kuhusu wachezaji waliosahauliwa umeegemea zaidi takwimu za uwanjani. Makala haya yanadai kwamba, kwa Curt Flood, kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa tendo lililompa nafasi katika historia ndilo lililokatiza takwimu zake.

Flood, Mmarekani Mweusi, aliichezea St. Louis Cardinals kuanzia 1958 hadi 1969. Alitunukiwa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya wadakaji bora, mara saba mfululizo, na alikuwamo katika vikosi vilivyotwaa ubingwa mwaka 1964 na 1967. Oktoba 1969, akiwa na umri wa miaka 31, alihamishiwa Philadelphia Phillies bila ridhaa yake. Enzi hizo mkataba uliiruhusu timu kuendelea kumshikilia mchezaji hata muda wake ulipokwisha. Flood alikataa kuhama, akamwandikia Kamishna Bowie Kuhn kupinga kufanywa mali, kisha akafungua kesi. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimnyima haki hiyo kwa kura 5 dhidi ya 3. Wakati huo alikuwa amekwisha kuacha mchezo, baada ya kucheza mechi 13 tu mwaka 1971.

Wapinzani wana hoja mbili. Wastani wake wa kupiga, 0.293, ni mzuri lakini si wa kipekee. Aidha, kifungu hicho kilivunjwa na uamuzi wa msuluhishi wa Desemba 1975, uliowahusu Andy Messersmith na Dave McNally, wala si na kesi yake. Hata hivyo, kanuni za uteuzi zinataja uadilifu sambamba na uwezo wa kucheza. Isitoshe, Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji kilichogharimia kesi hiyo, aliingizwa mwaka 2021 kupitia kamati maalumu. Ni vigumu kutetea utaratibu unaomtukuza aliyeongoza mapambano, huku ukimwacha nje aliyeyalipia kwa ajira yake.

Mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina la Flood. Kwa hiyo, kamati inayopitia wagombea wa enzi zilizopita inapaswa kupima misimu yake 12 ya Cardinals pamoja na sababu iliyoifanya isiongezeke.