Imani 4 za nyumbani kuhusu pesa na bahati, ya nne kuwa nayo makini
Chemba, wilaya ya Dodoma iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Pesa ya ufuta na alizeti ikishaingia, inabidi ifike mavuno mengine. Ndiyo maana imani za kulinda pesa hazifi, hapa na kwingine Tanzania.

1. Kuwashwa kiganja: Cha kulia, pesa inakuja. Cha kushoto, inatoka. Wapo wanaosema kinyume chake.

2. Kufagia usiku: Eti unafukuza riziki. Ila kwenye mwanga wa koroboi, hata sarafu iliyodondoka hutoka na taka.

3. Mteja wa kwanza: Wenye genge wengi hawamkopeshi, wanahofia mkosi wa siku nzima.

4. Chuma ulete: Pesa ikipungua dukani, jirani au mteja hudhaniwa kaivuta kichawi.

Tatu za mwanzo hazimuumizi mtu. Hii ya nne huvunja ujirani. Kabla hujamshuku mtu, andika kwenye daftari mauzo, madeni na ulichochukua dukani kupeleka nyumbani. Fanya hivyo kila jioni. Mara nyingi "mchawi" ni sukari na sabuni zilizochukuliwa bila kuandikwa.