Kutopatana: Modi Zinapoifunga Gemu

"Gemu inajifunga." Ndivyo atakavyokuambia kijana aliyeweka modi kadhaa, yaani nyongeza zinazoibadilisha gemu, kwenye gemu ya Skyrim, kisha akajikuta amerudishwa kwenye skrini ya kompyuta bila onyo wala ujumbe wa kosa. Usimsahihishe, amesema vizuri. Kujifunga si kukwama. Gemu iliyokwama bado ipo, picha imeganda na pengine muziki unaendelea. Iliyojifunga imeondoka kabisa. Msakaji wa kosa huanzia hapo.

Kosa lenyewe wengi huliita mgongano wa modi, na nadhani jina hilo linawapoteza. Mgongano ni modi mbili kugusa kitu kimoja. Chukua upanga wa chuma: modi moja imeuongezea makali, nyingine imepandisha bei yake. Skyrim haichanganyi mabadiliko hayo. Inachukua rekodi nzima ya modi iliyopakiwa mwisho na kuipuuza ya mwenzake. Ukiifungua rekodi hiyo kwa programu ya xEdit utaona kila modi kwenye safu yake, na ya kulia kabisa ndiyo inayoshinda. Bei imepanda, makali yamerudi yalivyokuwa, na gemu inaenda kama kawaida. Migongano ya aina hii inaweza kufika mamia na mchezaji asijue.

Kinachoifunga gemu aghalabu ni kutopatana. Nalipenda neno hili kwa sababu limekaa jirani na upatanisho wa kisarufi: "kitabu" halina kasoro, "ameanguka" halina kasoro, lakini "kitabu ameanguka" haisimami. Hakuna neno lililoharibika hapo, ni uhusiano tu uliokosewa. Novemba 2021, Skyrim ilipotimiza miaka 10, watengenezaji wake, Bethesda, walitoa toleo jipya la programu ya gemu yenyewe. Modi nyingi zilizojengwa juu ya SKSE, programu ya ziada inayopanua uwezo wa modi, zilikuwa zimeandikwa kwa kufuata anwani za kazi fulani ndani ya programu ya zamani. Toleo jipya likazihamisha anwani hizo. Modi zilizokuwa zikienda bila shida zikagoma, ingawa hakuna iliyomgusa mwenzake. Ukitafuta mgongano hapo utahangaika bure, maana unatafuta mahasimu wawili wakati tatizo ni modi moja na toleo lisilo lake.

Aina nyingine ni modi inayotegemea modi mama ambayo haipo. Hiyo hujitambulisha mapema: gemu inajifunga hata kabla ya menyu kutokea.

Makosa mengine husakwa kwa kugawa modi nusu kwa nusu. Una modi 128? Zima 64. Gemu ikijifunga tena, yenye kosa imo kwenye zilizobaki. Isipojifunga, geukia zile ulizozima. Kwa majaribio 7 umefika kwenye moja, ilhali kuzima moja moja kunaweza kukumalizia wikiendi nzima. Ila modi na mama yake ziwashwe na kuzimwa pamoja, la sivyo utatengeneza kosa jipya katikati ya msako.

Na kuna mtego. Zikiwa ni modi mbili zisizopatana, kuzigawa kunaweza kuzitenganisha, na kila nusu ikaenda salama. Watu wengi hukata tamaa hapo na kusingizia kompyuta. Acha nusu moja yote ikiwa imewashwa, ongeza nyingine kidogo kidogo mpaka gemu ijifunge. Ukiipata ya kwanza, iache imewashwa, kisha igawe ile nusu nyingine. Ripoti ya kujifunga ikiwepo, isome, lakini jina lililoandikwa humo huenda ni la aliyeangukiwa tu.

Majaribio yote hayo yafanyie kwenye mchezo mpya. Faili la mchezo uliohifadhiwa hubaki na mabaki ya hati za modi ulizoondoa, na gemu inaweza kuendelea kujifunga kwa sababu ya modi ambayo haipo tena kwenye orodha yako.