Jedwali likihama, haki nayo huhama: namna ya kunakili na kubandika bila kuharibu



Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya kompyuta, na mali hupotea hata pale daftari lipo. Aliyeliandika amenakili jedwali kutoka huku akalibandika kule, likaharibika mikononi mwake asitambue.

Hapa Mbaraki, baina ya magodauni na afisi za klaringi zilizo jirani na bandari ya Kilindini, kazi ya jedwali haina mapumziko. Orodha ya mizigo inatoka kwa muuzaji nje ya nchi, karani anaihamishia kwenye karatasi za forodha. Jioni karani huyo huyo ni katibu wa chama cha mtaa au mweka hazina wa msikiti, na anahamisha orodha ya michango, ya karo za mayatima, ya waliokwisha kulipa na ambao bado. Wengi tulifunzwa kuandika kwa kompyuta, lakini kuhamisha jedwali hatukufunzwa. Leo nataka tulieleze hili kwa mpango, mtu aweze kulirudia siku akilihitaji.

Programu nyingi tunazotumia zimewekwa kwa Kiingereza, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004. Kwa hivyo maneno yanayoonekana kwenye skrini nitayataja kama yalivyo. Mistari ni ile ya kulala, safu ni zile za kusimama, na kila kisanduku ni pale mstari na safu zinapokutana.

Kinachotokea unaponakili

Kunakili na kubandika kama tunavyokujua kulibuniwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020. Walichokuwa wakihamisha wao ni maandishi. Jedwali ni jambo jingine, kwani lina maandishi, lina mistari na safu, na lina pambo lake la fonti, rangi na upana.

Ukibonyeza Ctrl na C, kompyuta haiweki nakala moja tu. Huweka kadhaa kwa pamoja: moja yenye pambo lote, moja ya maandishi matupu, pengine na ya picha. Ukibandika, programu inayopokea ndiyo huchagua ichukue ipi. Ndiyo maana jedwali lile lile hutokea zuri kwenye Word, likavurugika kwenye barua pepe, na likageuka maneno yaliyorundikana kwenye WhatsApp. Usipochagua wewe, utachaguliwa.

Njia nne za kubandika

Unapobandika jedwali la Excel ndani ya Word, kialama kidogo chenye neno Ctrl hujitokeza pembeni. Bonyeza Ctrl peke yake, kisha herufi moja:

1. K huhifadhi pambo la kule lilikotoka. Itumie ikiwa jedwali lazima lifanane na la asili, kwa mfano kiambatisho cha ankara.

2. S hulivisha jedwali sura ya waraka wako. Hii ndiyo ya kazi za kila siku, kama ripoti ya chama au kumbukumbu za mkutano.

3. T huleta maandishi matupu. Mistari ya jedwali huondoka, na baina ya safu hubakia nafasi za kitufe cha Tab.

4. U hulifanya picha. Hakuna kitakachohama, lakini hakuna kitakachorekebishika.

Watu huikimbia T kwa kuwa haipendezi, nami naona ndiyo yenye faida kubwa jedwali likiwa limekuja na takataka nyingi. Bandika kwa T, chagua maandishi yote, kisha nenda "Insert", "Table", "Convert Text to Table". Utaulizwa safu zitenganishwe na nini: chagua "Tabs". Jedwali litazaliwa upya likiwa safi. Kabla ya hapo bonyeza Ctrl, Shift na 8 uone alama zilizofichika. Kila mshale ni Tab moja, na kila mstari uwe na mishale sawa na mwenzake. Ukiona mstari mmoja una mishale mitatu na mwengine minne, hapo pana kisanduku kitakachohama.

Namna jedwali linavyohama

Nimeshuhudia kamati moja ya kusaidia mayatima, jina lake nalihifadhi, ikilipa karo kwa orodha iliyohama. Majina yalikuwa kwenye Word na viwango vya pesa kwenye Excel. Mwenye kuandika akanakili safu ya majina peke yake akaibandika pembeni ya pesa. Katikati ya majina palikuwa na moja refu lililoandikwa kwa mistari miwili ndani ya kisanduku kimoja, kwa kubonyeza Enter. Lilipofika Excel likagawanyika visanduku viwili. Kuanzia hapo kila jina likashuka hatua moja, na kila mtoto akapata kiwango cha mwenziwe.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba hesabu ilikubali. Jumla ya pesa ilikuwa ile ile mpaka shilingi ya mwisho, kwa sababu pesa hazikuguswa, walioguswa ni wenyewe. Kamati iliangalia jumla ikaridhika. Aliyejua kuna kasoro ni mama mmoja ambaye mwanawe alirudishwa nyumbani kwa salio la karo ambalo kwenye karatasi lilikuwa limekwisha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, usihamishe safu moja moja. Hamisha jedwali zima, jina na haki yake pamoja. Ya pili, kabla ya kunakili kutoka Word, chagua safu ya majina, bonyeza Ctrl na H, tafuta ^p na weka nafasi moja tupu badala yake. Ukiulizwa kama uendelee na sehemu iliyobaki ya waraka, kataa. Majina yote yatakaa mstari mmoja mmoja.

Nambari zinazobadilishwa bila kuulizwa

Excel hudhani kila tarakimu ni hesabu. Angalia haya manne:

Sifuri ya mwanzo. Nambari ya simu inayoanza na 07 hubakia na 7. Kwa wenzangu wa klaringi hatari ni kubwa zaidi, kwani misimbo ya forodha ya kahawa huanza na 0901 na ya chai huanza na 0902. Ukibandika hovyo utapata 901 na 902, na msimbo uliopungua tarakimu si msimbo tena. Zichague safu kabla ya kubandika, uzitie umbo la "Text", kisha ubandike kwa kuchagua "Match Destination Formatting".

Nambari ndefu. Excel huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu. Kuanzia ya 16, zote hugeuka sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi. Nambari ndefu za kadi au marejeo ya benki ziwe "Text" daima.

Tarehe. Sisi tukiandika 03/04 tunakusudia tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inasoma Machi 4. Andika mwezi kwa jina, ubishi uishe.

Nukta na mkato. Orodha ya mizigo kutoka Ujerumani au Italia huandika 1.250,00 kwa maana ya elfu moja mia mbili na hamsini. Kwetu sisi nukta hutenga senti. Kilo 1.250 ikisomwa kilo moja na robo, uzito wa kontena hautakubaliana na mizani, na hapo mzigo hukaa, na kila siku ukikaa una gharama yake.

Kulirekebisha likishaingia

Jedwali likitokeza nje ya ukurasa, bonyeza ndani yake, nenda "Layout", "AutoFit", uchague "AutoFit Window". Litajibana ndani ya kingo. Likiwa linaelea na maneno yanalizunguka, fungua "Table Properties" na katika "Text wrapping" chagua "None".

Kuna ugonjwa mmoja mbaya kwa sababu hauonekani. Jedwali likija na kimo cha mstari kilichofungwa, yaani "Exactly", maandishi yanayozidi kimo hicho hukatwa machoni. Jina la pili la mtu au mstari wa pili wa anwani huwa upo lakini haupigwi chapa. Katika "Table Properties", upande wa "Row", badilisha iwe "At least". Hapo hapo ondoa alama kwenye "Allow row to break across pages" ili mstari mmoja usigawike kurasa mbili. Kisha chagua mstari wa vichwa na ubonyeze "Repeat Header Rows", kila ukurasa uwe na vichwa vyake.

Ukibandika jedwali ndani ya jedwali jengine utapewa hiari: "Nest Table" hulitia jipya ndani ya kisanduku kimoja kama sanduku ndani ya sanduku, na "Insert as New Rows" huongeza mistari. Karibu kila mara unayoitaka ni hii ya pili.

Ratiba za swala na majedwali ya Kiarabu

Kila Ramadhani ikikaribia, ratiba za kufunga na kufuturu hunakiliwa mtaa mpaka mtaa. Jua la Mombasa hutangulia la Nairobi kwa takriban dakika 10, kwa hivyo ratiba ya Nairobi iliyobadilishwa kichwa tu haitufai. Na hapa pwani, karibu na ikweta, nyakati za jana na za leo hazitofautiani hata dakika moja kamili. Mstari ukihama jicho halitagutuka. Inabidi kulinganisha tarehe na nyakati zake, mstari kwa mstari.

Jedwali la Kiarabu lina mtego wa ziada, nao ni kwamba safu yake ya kwanza iko kulia. Ukiviandika vichwa vyako kwa kufuata jicho kisha ukabandika takwimu chini yake, safu ya kulia kule itaingia kushoto kwako, na Alfajiri ikakaa chini ya Ishaa. Aidha lihamishe pamoja na vichwa vyake, au uweke mwelekeo wa jedwali kuwa kulia kwenda kushoto.

Siri ndani ya jedwali

Hili wengi hawalijui. Ukibandika jedwali la Excel kwenye Word kwa "Paste Special" na ukachagua "Microsoft Excel Worksheet Object", hukubandika ulichokichagua pekee. Umetia kitabu kizima cha Excel ndani ya waraka. Atakayeupokea akibofya mara mbili, ataweza kuzisoma kurasa zote: mishahara, nambari za vitambulisho, majina ya wapokea zaka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria hiyo tulikuwa na stara yetu. Mtu anayepewa sadaka kwa siri asifichuliwe na mbofyo wa mtu. Tuma PDF. Na kwenye WhatsApp pia usibandike jedwali kama maneno, tuma PDF au picha.

Hakiki kabla ya kutia sahihi

Tusidhani haya ni ya watu wadogo. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipoteza dola milioni 24 kwa kosa la kunakili na kubandika katika jedwali la zabuni. Benki ya JPMorgan, baada ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 mwaka 2012, ilieleza katika uchunguzi wake kwamba hesabu zake za hatari zilipitia majedwali ya Excel yaliyojazwa kwa mkono, kwa kunakili na kubandika. Halikuwa jedwali peke yake lililoleta hasara hiyo, lakini lilikuwamo.

Mimi nina kanuni nne ambazo hazichukui dakika tano. Hesabu mistari ya jedwali la asili na ya jedwali jipya, ziwe sawa. Linganisha mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, na huo wa mwisho ndio shahidi mkubwa, maana likihama, jina la mwisho litakuta kisanduku kitupu au litakaa na jumla. Linganisha jumla, ukijua kwamba jumla ikikubali si ithibati kamili. Mwisho, mmoja asome la asili kwa sauti na mwengine afuate jipya kwa kidole, kama tulivyosomeshwa chuoni.

Karani wa Mbaraki anayehamisha orodha, na katibu wa msikiti anayehamisha michango, wote wamebeba amana ya watu ambao hawatawahi kuiona skrini yao. Yule mama alilipiwa karo ya mwanawe ikatimia, lakini mtoto alishakosa masomo ya wiki nzima. Dakika tano zingetosha.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.