Mjusi wa mchangani anayeuawa kwa kudhaniwa nyoka

KATIKA maeneo makavu ya mashariki na kaskazini mwa Kenya, ikiwemo Garissa, yuko mjusi mdogo anayeishi mchangani, chini ya magogo na ndani ya vichuguu. Kuni zinapoinuliwa naye akakurupuka, wengi hupiga kelele za nyoka na kutwaa fimbo. Kumbe kiumbe huyo hana sumu wala madhara yoyote kwa binadamu.

Jina lake la kitaalamu ni Mochlus sundevallii. Mwili wake ni wa mviringo na mrefu, shingo haitofautiani sana na kichwa, na magamba yake ni laini yanayong’aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Mgongo ni wa rangi ya kahawia, mara nyingi ukiwa na vitone vyeusi, na tumbo ni jeupe. Mkia ni mnene, na humkatikia akishikwa na adui, kisha ukaota mwingine. Miguu yake minne ni mifupi mno. Anapokimbia huibana ubavuni na kujinyonganyonga, na hapo ndipo anapofanana na nyoka.

Hutaga mayai, na chakula chake ni wadudu, wakiwemo mchwa.

Kwa mpangilio wa wanasayansi, mjusi huyu ni wa familia ya Scincidae, yenye spishi zaidi ya 1,500 duniani. Ni familia ile ile ya mijusi wenye ngozi laini na mistari ambao Waswahili huwaita mjusi islamu, kuwatofautisha na mjusi kafiri mwenye ngozi ya kukwaruza.

Aliyemweleza kwanza kitaalamu ni Andrew Smith, daktari kutoka Scotland, mwaka 1849, akampa jina la kumuenzi Carl Jakob Sundevall, mtaalamu wa wanyama wa Sweden. Baadaye, kwa miaka mingi, aliwekwa katika jenasi ya Lygosoma pamoja na jamaa zake wa Bara Asia, kwa kuwa maumbile yao yanalingana.

Hata hivyo, kufanana kwa sura si hoja ya kutosha. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 uliigawa upya jamii hiyo. Wale wa Afrika waliwekwa katika Mochlus, jina lililotungwa na Albert Günther mwaka 1864, nalo Lygosoma likabakia kwa baadhi ya spishi za Asia.

Miongoni mwa hao wa Asia ni Lygosoma quadrupes, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1766 kutoka kisiwa cha Java. Msomi huyo alimwita Anguis quadrupes, yaani nyoka wa miguu minne. Basi si ajabu mchunga mbuzi wa Garissa naye akababaika.

Zipo dalili za kumtambua. Mjusi huyu ana miguu, ana kope zinazofumba na kufumbua, na ana matundu ya masikio. Nyoka hana hata kimoja kati ya hivyo. Lakini swila na bafe pia wapo katika maeneo hayo, kwa hiyo mwenye shaka asisogee karibu ili kukagua. Ampishe tu aende zake, kwani kumpisha hakudhuru mjusi wala mtu.