Je, Ugaidi Ni Tendo la Kirazini? Funzo la Kampala, Julai 2010

Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Julai 2010, wakazi wengi wa Kampala walikuwa wamekusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia baina ya Hispania na Uholanzi. Mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Kundi la al-Shabaab la Somalia likatangaza kwamba ndilo lililotenda.

Neno lililotawala vinywani mwa watu baada ya msiba huo lilikuwa "wendawazimu". Neno hilo hutuliza moyo, kwa kuwa huwatenga wauaji na wanadamu wengine. Lakini raia anayetaka kuielewa historia ya nchi yake hana budi kuuliza: je, ni neno sahihi? Jibu langu ni kwamba si sahihi, na kwamba kosa hilo lina gharama.

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili cha zamani, gaidi alikuwa mnyang'anyi wa njiani, mwenye silaha, aliyewavizia wasafiri. Huyo alitaka mali ya yule aliyemvamia. Gaidi wa zama hizi ni tofauti. Waliouawa Kyadondo hawakuwa na kitu ambacho al-Shabaab ilikitaka. Kilichotakiwa kilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwapo: serikali iliyopeleka majeshi, na wananchi ambao wangeishinikiza iyarudishe. Maiti za wasio na hatia zilifanywa barua ya kupelekwa kwa mwingine. Mtu anayeandika barua anajua anayemwandikia na anachokiomba.

Sasa tuitazame hesabu yao. Uganda ilipeleka wanajeshi Mogadishu mwezi Machi 2007, chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM. Burundi ilifuata mwezi Desemba mwaka huohuo. Ethiopia, iliyokuwa imeingia Somalia kwa nguvu mwishoni mwa 2006, iliondoa majeshi yake Januari 2009. Kwa hiyo, mwaka 2010 serikali dhaifu ya Mogadishu iliegemea kwa kiasi kikubwa wanajeshi wa Uganda na Burundi. Wakiondoka hao, mji ungeanguka. Mahali palipochaguliwa palikuwa na watu wengi na ulinzi mdogo, na usiku wenyewe ulikuwa ule ambao macho ya dunia yalikuwa kwenye mpira. Mkahawa mmojawapo ulibeba jina la Ethiopia. Hakuna hata kimoja katika mambo hayo kinachofanana na kazi ya mtu aliyerukwa na akili.

Tena, walikuwa na mifano ya kuigwa. Mwezi Oktoba 1983, magari yaliyosheheni milipuko yaliua wanajeshi 241 wa Marekani na 58 wa Ufaransa mjini Beirut. Miezi michache baadaye, majeshi ya Marekani yaliondoka Lebanon. Tarehe 11 Machi 2004, mabomu katika treni za Madrid yaliua watu zaidi ya 190. Siku tatu baadaye chama tawala kilishindwa katika uchaguzi, na serikali mpya ikawaondoa wanajeshi wa Hispania nchini Iraki. Ni kweli kwamba uchaguzi ule uliathiriwa pia na hasira ya wapiga kura dhidi ya serikali iliyokimbilia kuwalaumu wapiganaji wa ETA. Hata hivyo, anayetafuta mfano wa kumtia moyo hasomi kwa uangalifu wa mwanahistoria.

Je, hesabu ya Kampala ilitoka sawa? La. Wiki mbili baadaye viongozi wa Afrika walikutana Kampala yenyewe, na badala ya kurudi nyuma wakaazimia kukiongezea kikosi nguvu. Desemba 2010 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu AMISOM ifikie wanajeshi 12,000, na Februari 2012 idadi ikapandishwa hadi 17,731. Mwezi Agosti 2011 al-Shabaab iliondoa wapiganaji wake wengi Mogadishu. Mashambulizi ya Westgate mwaka 2013, yaliyoua watu 67, na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, yaliyoua watu 148, nayo hayakuiondoa Kenya Somalia. Mwaka 2006 mwanazuoni Max Abrahms alichunguza makundi 28 yaliyotajwa na Marekani kuwa ya kigaidi, akakuta kwamba malengo yao ya kisiasa yalitimia kwa takriban asilimia 7 tu.

Wapo watakaosema kwamba kushindwa huko ni ushahidi wa wazimu. Sikubaliani nao. Mfanyabiashara aliyepata hasara alikosea hesabu, lakini alipiga hesabu. Urazini ni kuchagua njia kwa kuitazama shabaha. Haumhakikishii mtu ushindi, wala hauifanyi shabaha yake kuwa njema. Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Tunalo neno werevu, tunalo neno hekima, na wahenga wakatuonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Mtu anaweza kuwa mwerevu wa kupanga na akawa amepoteza utu wote.

Kuna pingamizi zito zaidi: kwamba aliyepanga ana hesabu, lakini anayejilipua je? Yeye anapata nini? Ni lazima tukiri kwamba hesabu ya kiongozi na imani ya mfuasi si kitu kimoja. Kiongozi hutumia maisha ya mwingine kama mtaji. Lakini hata mfuasi hakunyimwa uwezo wa kuchagua. Usiku uleule bomu la tatu halikulipuka. Lilikutwa limetelekezwa katika ukumbi wa starehe wa Makindye, na aliyekabidhiwa kazi hiyo aliwaambia waandishi wa habari, baada ya kukamatwa, kwamba hakutaka kuwaua wasio na hatia. Kukataa kwake kuliokoa maisha, ingawa hakukumwondolea hatia ya kushiriki njama. Kama mmoja aliweza kusita, basi waliotenda walichagua kutenda.

Hilo ndilo lililo muhimu kwa elimu ya uraia. Sheria haimhukumu mwendawazimu kama inavyomhukumu mtu mwenye akili timamu. Tukiwaita wauaji wazimu tunawapunguzia hatia bila kukusudia. Kueleza sababu za tendo si kulihalalisha. Ni kumrudishia mtendaji mzigo wake wote.

Lipo na funzo la pili. Ikiwa gaidi hupiga hesabu, basi mwitikio wetu ni sehemu ya hesabu hiyo. Anapotaka tuwachukie majirani zetu, kila tunayemchukia ni faida kwake. Mwezi Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi katika msako, na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Kijana aliyedhalilishwa kwa kosa la kabila lake ni rahisi zaidi kushawishiwa na anayemwambia kwamba dola ni adui yake. Vivyo hivyo hapa kwetu: Msomali wa Kisenyi anayeuza nguo na kulipa kodi hakupanga lolote Kyadondo.

Mahakama Kuu ya Uganda ilionyesha njia iliyo bora. Mwezi Mei 2016, kati ya washtakiwa 13, iliwaachilia watano ambao ushahidi haukuwatia hatiani. Watano wengine walifungwa maisha, wawili miaka 50 kila mmoja, na mmoja akapewa kifungo cha kutumikia jamii. Wapo waliolalamika kwamba kesi ilichukua muda mrefu mno, na wana haki ya kulalamika. Lakini kupima hatia ya kila mtu peke yake ndiko kunakovuruga hesabu ya gaidi, kwa maana yeye aliwaua watu bila kumuuliza hata mmoja wao ametenda nini.

Ndugu msomaji, utakaposikia tena neno "wendawazimu" baada ya msiba wa namna hii, uliza maswali matatu: waliotenda walitaka nini, walitaka kwa nani, na ni mwitikio gani wetu utakaowapa walichokitaka? Nchi inayojiuliza hivyo mapema haitavutwa kirahisi kwenye mtego uliotegwa kwa damu ya watu wake.