Kyavinyonge, ufuko wa ruhusa

Ukitoka Butembo kuelekea mashariki, barabara inapanda hadi Kyondo, kwenye baridi ya mita zaidi ya 2,000, ambako viazi, kabichi na ngano vimeng'ang'ania miteremko. Baada ya hapo ni kuteremka tu. Koti linavuliwa, vumbi linazidi, na chini kabisa, kwenye mita 900 na ushei, linajitokeza Ziwa Edouard. Hapo ndipo Kyavinyonge ilipo, katika sheferi ya Bashu, teritwari ya Beni, nchini Kongo.

Mchana kijiji kimetulia. Nyavu zimeanikwa, mitumbwi imevutwa mchangani, na wavuvi wengi wamelala kwa kuwa usiku walikuwa majini. Korongo marabu wanapita kati ya nyumba wakitafuta matumbo ya samaki, na giza likiingia viboko hutoka ziwani kuja kula majani hadi karibu na milango ya watu. Mgeni aliyezoea kelele za pikipiki za Butembo huona kwamba amefika mahali ambapo dunia haijapagusa. Hapo ndipo ninapotaka kumpinga. Ufuko huu umeguswa na mikono mingi, na utulivu wake umetokana zaidi na amri za serikali kuliko maumbile.

Tuanze mbali, maana hapa mbali ni mbali kweli. Jirani na Kyavinyonge kuna Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwani kwenda Ziwa Albert. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale na kukuta mabaki ya wavuvi wa kale: vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mifupa, mifupa ya samaki, mawe ya kusagia. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa mdogo wenye kipande cha kwarzi kilichopachikwa nchani, na juu yake chale 168 zilizopangwa katika safu tatu. Mwanzoni de Heinzelin aliukadiria umri mdogo zaidi. Vipimo vya baadaye viliurudisha nyuma hadi miaka 20,000 au zaidi. Wako wanaosema chale zile ni hesabu, wako wanaosema ni kalenda ya mwezi. Vyovyote iwavyo, mtu aliyezichonga alikuwa anaishi kwa ziwa hili. Mfupa wenyewe uko Brussels, katika jumba la makumbusho ya sayansi ya asili, na watoto wengi wa Beni wanamaliza shule bila kuuona.

Na Ishango si mwanzo. Ukifuata Semliki kidogo, pale Katanda, Alison Brooks na John Yellen walipata chusa nyingine za mifupa, zenye meno, zinazokadiriwa kuwa na miaka kama 90,000. Zilikaa pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Yaani kabla hakujawa na jina lolote tunalolijua leo, watu walikuwa wanakuja hapa msimu wa kambale.

Karne nyingi baadaye ufuko ulikuwa njia ya chumvi. Ng'ambo ya ziwa, upande ambao leo ni Uganda, kuna Katwe, na chumvi yake ilipandishwa milimani kwa Wanande ikabadilishwa na vyakula vya shamba. Ukitaka kuelewa biashara ya Butembo, usianze na maduka makubwa na makontena; anza na watu waliobeba chumvi migongoni. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1889, akalipa ziwa jina la mwana wa malkia wa Uingereza, alikuta maji ambayo tayari yalikuwa na wenyewe, mitumbwi na njia.

Kisha yakaja malale. Ugonjwa ulipoenea katika bonde la Semliki na kando ya ziwa, utawala wa Wabelgiji uliona dawa ni kuwahamisha watu. Wakati huohuo hifadhi ilikuwa inakua. Parc Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa ajili ya sokwe wa volkano, ikapanuliwa mara kadhaa, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa imelimeza ziwa upande wa Kongo pamoja na bonde. Watu waliondolewa kwa sababu ya mbung'o, na mlango ukafungwa nyuma yao kwa sababu ya wanyama. Hapo ndipo ukimya ulipozaliwa. Wageni wa Ulaya waliokuja baadaye walisifu ufuko mtupu, na mimi kila ninaposoma sifa hizo nawawazia waliokuwa wakiishi pale.

Hata hivyo milima ilihitaji samaki. Mwaka 1949 iliundwa kooperative ya uvuvi, ile ambayo watu wanaijua hadi leo kwa jina la COPEVI, na kambi tatu zikatambuliwa: Vitshumbi kusini, Nyakakoma mashariki, na Kyavinyonge kaskazini. Mvuvi alirudi ziwani kama mtu mwenye kibali. Mitumbwi ilihesabiwa, nyavu zilipimwa, na kulima ndani ya hifadhi kulikatazwa. Basi unga, maharage na mboga hushuka kutoka Kyondo, na tilapia, kambale na makayabu, yaani samaki wa chumvi, hupanda kwenda Butembo na Beni. Ni biashara ileile ya enzi za chumvi, mizigo tu ndiyo imebadilika.

Mpango huo ulifanya kazi kwa sababu ya kiboko. Usiku anakula majani nchi kavu, mchana anashinda majini, na kinyesi chake kinarutubisha maji ambamo tilapia hupata chakula. Miaka ya 1970 ziwa na mito yake vilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi lililosifika dunia nzima. Ndipo nchi ikadhoofika, vita vya 1996 na 1998 vikapita, na kila mwenye bunduki akaona nyama na meno. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000. Wavuvi walioona nyavu zao zikipanda nyepesi hawakuhitaji kuelezwa sababu. Wakati huohuo wakimbizi walimiminika ufukoni, kambi zisizo na kibali zikaota upande wa magharibi, zikitozwa kodi na wanamgambo wa Mai-Mai, na nyavu za matundu madogo zikaanza kuvua samaki ambao hawajazaa. Mvuvi mdogo hulaumiwa kwa hayo yote. Mimi sikubali. Mtu aliyepoteza shamba kwa vita hana uchaguzi mrefu mbele ya ziwa.

Mwaka 2014 ikaja hofu nyingine, mafuta. Kampuni ya Uingereza, SOCO, ilikuwa inalipima ziwa kwa mitetemo ilipokubali, mwezi wa Juni mwaka huo, kwamba itaondoka baada ya kumaliza kazi hiyo. Halafu kuna mpaka. Katikati ya maji hakuna jiwe wala kamba, lakini wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara nyingi na askari wa Uganda, na Julai 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi ziwani, watu wakafa.

Mwaka 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi na Nyakakoma. Katika kambi zile tatu za kooperative, Kyavinyonge pekee ikabaki mikononi mwa serikali, ikipokea waliokimbia kwa mitumbwi kutoka kusini. Aprili 2025 kimeta kikaua viboko wapatao 50 kwenye mto Ishasha unaoingia ziwani, baada ya miaka ambayo idadi yao ilikuwa imeanza kupanda tena.

Jua likikaribia kuzama, wavuvi wa Kyavinyonge huamka, huangalia upepo, na husukuma mitumbwi. Wanakwenda kutega nyavu watakazozivuta alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali wamama wachuuzi watakuwa wamekwisha nunua, wamepanga mizigo juu ya pikipiki, na wameanza kuupanda mlima kwenda Kyondo.