Joy Adamson: Mwanamke aliyehifadhi sura za Wakenya kwa rangi

JOY Adamson anafahamika zaidi kwa kisa cha simba jike Elsa. Hata hivyo, kabla ya Elsa alikuwa mchoraji, na picha zake za watu ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za mavazi na mapambo ya jamii za Kenya, wakiwemo Wakamba wa Kitui na Makueni.

Alizaliwa Januari 20, 1910 mjini Troppau, uliokuwa katika himaya ya Austria na Hungary na ambao leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka wa 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ni Bally aliyempa jina la Joy.

Alianza kwa kuchora maua, kazi iliyomfunza kuzingatia kila jani na kila mshipa. Mwaka wa 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Kuchora watu

Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori kaskazini mwa nchi. Katika safari zao alianza kuchora watu, na mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora jamii ambazo mavazi yao ya jadi yalikuwa yakitoweka. Alichora zaidi ya picha 500. Nyingi zilihifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilichapishwa mwaka wa 1967.

Wakati huo Ukambani kulikuwa na wilaya mbili, Kitui na Machakos. Makueni ilijitenga na Machakos mwaka wa 1992. Wakamba walisifika kwa shanga na mikufu ya waya mwembamba wa shaba, na kuchonga meno ya mbele kulihesabiwa kuwa urembo. Mengi ya hayo hayaonekani tena mitaani, hivyo picha za aina hii humwezesha kijana wa leo kuona jinsi wazee wake walivyojipamba.

Lakini kazi hiyo ina utata. Utawala uliogharamia picha hizo ndio uliochangia kuzififisha mila hizo, na mwaka wa 1952, kazi ikiendelea, ulitangaza hali ya hatari na kuwafunga maelfu ya Waafrika. Mtazamaji anapaswa kukumbuka ni nani aliyeagiza picha, na kwa nini.

Elsa na mauti

Mwaka wa 1956 George alileta nyumbani watoto watatu wa simba, Elsa akiwa mmoja wao. Kitabu cha Joy kumhusu kilitoka mwaka wa 1960, na filamu mwaka wa 1966. Baadaye alilea duma, kisha chui.

Aliuawa Januari 3, 1980 huko Shaba, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Awali ilidhaniwa ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha alidungwa kisu, na mfanyakazi wake wa zamani akapatikana na hatia. George naye aliuawa na majambazi Agosti 1989 katika mbuga ya Kora, mpakani mwa Kitui.